Mkono Ndani ya Ngano

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio, koti la kijivu lililokuwa la mtu mwingine, na onyo moja: nisipige mluzi. Mkuu wa Zamu alisema kinu cha unga husikilizwa kama mgonjwa. Rola, yaani zile silinda mbili za chuma zinazoponda ngano, zikikosa chakula hulia kwa sauti nyembamba, na mluzi wa mfagiaji ungeweza kumfanya msagaji akimbie ngazi tatu bure.

Tuliandikwa wawili asubuhi ile, mimi kutoka Rongai na kijana wa Keringet aliyeitwa Langat. Kufikia saa sita mchana tulikuwa weupe kutoka nywele hadi viatu. Mkuu wa Zamu alisimama mlangoni akatutazama, akashindwa kutofautisha nani ni nani.

"Nyinyi sasa mmekuwa vumbi," akasema. "Wewe Vumbi wa huku, na wewe Vumbi wa kule. Fagieni."

Tangu siku hiyo mimi na Langat hatukuitana kwa majina tena. Yeye alikuwa Vumbi na mimi nilikuwa Vumbi.

Ninaandika haya kwa vijana mnaoingia kazini leo na vyeti mkononi, mkiulizana lini mtapandishwa cheo. Nasema bila aibu kwamba katika kiwanda kile cha Nakuru hakuna aliyepanda ngazi nilizopanda mimi. Nilianza na fagio nikamaliza nikiwa Meneja wa Kiwanda. Sikuwa na mjomba ofisini wala sikubebwa na mtu. Mtakaponisikia nikijisifu, jueni nina haki. Lakini nina deni la neno moja kwa Langat, ambalo halikuwa kwenye ripoti yoyote niliyowahi kuandika, na siwezi kuwasimulia kazi yangu bila kuligusa.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Watu hudhani kusaga ni kuponda. Kusaga ngano huanza na maji. Ngano kavu ikiingia kwenye rola, ganda lake hupasuka vipande vidogo na kuchanganyika na unga, na unga huwa mweusi. Kwa hiyo ngano hunyunyiziwa maji, kisha hulazwa ndani ya bini, ghala refu la chuma, kwa muda wa kama saa kumi na nane. Ganda hulegea, kiini hulainika, na vikipita kwenye rola vinaachana kwa amani. Huko ndiko kulowesha. Maji yakipungua unga unaharibika. Maji yakizidi, ngano inakuwa kama ugali, inaganda kwenye rola, inaziba chekeche, na kinu kizima kinasimama. Ufundi wote wa msagaji umo katika kujua ngano imekunywa kiasi gani.

Siku zile kujua huko kulikuwa mkononi. Mkuu wa Zamu, mzee mfupi aliyepoteza ukucha wa kidole gumba, alitufundisha baada ya kufagia. Alikuwa akitufumba macho kwa kitambaa na kututilia kiganjani kilichotoka chini ya rola.

"Hii ni rola ya ngapi?"

"Ya pili, mzee."

"Wewe?"

"Ya tatu," alisema Langat. "Na imekazwa sana upande wa kushoto."

Mzee akaenda kuangalia. Ilikuwa imekazwa upande wa kushoto.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila nilichoambiwa nilikiandika: pembe ya meno ya rola, ukubwa wa matundu ya chekeche, jinsi ya kulinganisha unga kwa kuusindilia juu ya kibao na kukichovya majini ili vipande vya pumba vijitokeze kama madoa. Langat hakuwahi kuandika. Alikuwa akizamisha mkono kwenye ngano, kisha anakuambia ina maji asilimia ngapi. Alikosea mara chache kuliko maabara. Nilikuwa bora kuliko wote kwa daftari, na yeye alikuwa bora kuliko wote kwa mkono. Wakati ule hakuna aliyeona kwamba hivyo ni vitu viwili.

Kulikuwa na desturi moja katika kinu kile ambayo sijaiona mahali pengine popote, na mimi nimefika mbali. Kupokezana zamu kulifanywa ndani ya ngano. Msagaji anayetoka na anayeingia walisimama kwenye kidirisha cha bini, kila mmoja akazamisha mkono wake hadi kwenye kiwiko, na kule ndani mikono ikatafutana na kushikana. Ukiwa umemshika mwenzako ndani ya ngano, nyote wawili mnaihisi ile ile, mahali pale pale. Anayetoka hawezi kudanganya kwamba ameacha kazi nzuri, na anayeingia hawezi kusema kesho kwamba alipewa kazi mbaya. Mkikubaliana mnatoa mikono, ndipo mnasaini kitabu. Anayekataa hashiki. Nilimwona Mkuu wa Zamu akimwacha msagaji mmoja amesimama na mkono ndani ya bini kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo cha basi, mpaka yule akakiri kwamba alifungulia maji akaenda kuongea na jamaa getini.

Baada ya miaka michache mimi na Langat tulikuwa wasagaji wa zamu, yeye zamu moja na mimi nyingine. Mmoja aliingia mwingine akitoka. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja urafiki wetu uliishi dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, mikono yetu ikiwa ndani ya bini.

"Vumbi, habari ya zamu?"

"Rola ya nne inapiga kelele. Na mke wangu amejifungua."

"Kijana ama msichana?"

"Msichana. Ngano unaionaje?"

"Kumi na sita. Hongera, Vumbi. Kumi na sita na kidogo."

Hapo ndipo nilipopata habari za mtoto wake, na yeye akapata habari za kifo cha mama yangu. Aliushika mkono wangu ndani ya ngano muda mrefu kuliko ulivyohitajika kujua unyevu, mpaka Mkuu wa Zamu akatuuliza kama tunapanda hiyo ngano au tunaipima.

Lakini nilitaka kwenda mbele. Mkuu wa Kinu, aliyekuwa juu ya wasagaji wote, aliniita ofisini nilipoomba nafasi ya kuwa msaidizi wake.

"Kazi unaijua," akaniambia. "Lakini hapa juu wanataka karatasi. Uko na karatasi?"

"Niko na daftari, sir."

Alicheka sana. Sikumchukia. Jioni ile ile niliamua kwamba nitaipata karatasi, na kwamba siku moja kiti chake kitakuwa kidogo kwangu.

Kukatokea kazi ya kinu Uarabuni. Langat aliniaga kwenye bini kama kawaida. "Nenda, Vumbi," akaniambia. "Lakini usinirudie na mkono laini."

Nilikaa huko miaka tisa. Kinu chenyewe kilikuwa na ghorofa nane na watu sita tu. Kila kitu kilikuwa kwenye skrini. Mkuu wa Kinu wa huko alivaa kanzu nyeupe, na haikuwahi kupata hata chembe ya vumbi. Siku zangu za Ijumaa, wenzangu walipokuwa sokoni au wamelala, mimi nilikuwa na vitabu. Nikasoma kemia ambayo sikuwahi kuisoma shuleni, nikafanya mitihani kwa Kiingereza kigumu, nikafeli somo la umeme mara mbili na kufaulu mara ya tatu. Nikapata diploma ya teknolojia ya usagaji wa nafaka. Niliitazama diploma ile peke yangu katika chumba chenye vitanda vinne. Hakukuwa na mtu wa kuionyesha ambaye angejua nimetoka wapi.

Nikarudi Nakuru. Kiwanda kilikuwa na Meneja Mkuu mpya aliyetafuta mtu wa kukiingiza katika mambo ya kisasa, na alipoona karatasi zangu hakuuliza swali la pili. Nikawa Meneja wa Uzalishaji. Yule Mkuu wa Kinu aliyenicheka alikuwa ameshastaafu, na bado najuta kwamba hakuniona.

Asubuhi yangu ya kwanza nilipita sakafuni na suti. Langat alikuwa pale pale, kwenye kidirisha, bado msagaji wa zamu. Uso wake ulikunjuka. Alizamisha mkono kwenye ngano hadi kwenye kiwiko.

"Vumbi! Njoo!"

Nyuma yangu alikuwa Meneja Mkuu na wageni wawili. Nikamwambia, "Baadaye."

Nilisema neno hilo moja tu. Akatoa mkono, akaupangusa, akaendelea na kazi. Ile baadaye haikufika, kwa sababu mwezi uliofuata niliifuta desturi yenyewe.

Niseme wazi: nilikuwa sahihi, na bado naamini nilikuwa sahihi. Wakaguzi wa usafi wasingekubali mikono ya watu ndani ya chakula. Nilileta kipimo cha unyevu, kisanduku unachokijaza punje na kinakupa namba. Nikaleta fomu ya kupokezana zamu, kisha kompyuta. Nikaandaa mafunzo kila mwezi. Vijana walioingia wakati wangu walijifunza katika miaka miwili kile ambacho sisi tulikifagia miaka mitano. Unga wetu ulikuwa wa aina moja Januari hadi Desemba. Kama kuna kijana leo anayepandishwa cheo pale kwa ujuzi wake badala ya ukoo wake, ni kwa sababu ya utaratibu nilioujenga mimi.

Langat hakubisha. Alijaza fomu kwa mwandiko wake mkubwa. Nilimwambia asome hata kozi fupi nimpandishe. Akaniambia, "Nitaangalia, boss." Hapo nikajua kwamba mimi si Vumbi tena.

Kisha ikaja ngano laini ya Njoro. Kwa miezi mingi tulikuwa tumesaga ngano ngumu ya kutoka nje, na kipimo nilikuwa nimekiweka mwenyewe. Kila aina ya ngano ina namba yake ambayo lazima uichague kwenye kisanduku, kwa sababu ngano laini na ngano ngumu hazionyeshi maji kwa njia moja. Usipoibadilisha, kisanduku kinakupa jibu la ngano nyingine kwa ujasiri kabisa. Msimu ule mvua ilikuwa imewashika wakulima wetu shambani. Ngano ilikuja, ikaloweshwa, ikalazwa. Ufunguo wa kubadilisha namba ulikuwa mfukoni mwangu, wangu peke yangu, kwa amri yangu mwenyewe.

Langat alinifuata ofisini asubuhi, nikiwa kwenye mkutano na wakuu wa idara zote.

"Boss, samahani. Hii ngano iko na maji. Tusiifungulie."

"Kipimo kinasema ngapi?"

"Kinasema kumi na sita. Lakini si kumi na sita. Ni zaidi ya kumi na nane."

"Umejuaje?"

Akanyanyua mkono wa kulia kidogo. Ulikuwa na vumbi la ngano hadi kwenye kiwiko. Wakuu wa idara wakatazama mkono ule, kisha wakanitazama mimi. Nilihisi miaka tisa ya Ijumaa zangu ikipimwa dhidi ya mkono wa mtu.

"Mkono una cheti?" nikamuuliza.

Watu wakacheka. Afisa wa mauzo alicheka mpaka akagonga meza. Langat alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Sawa, boss," akashuka akafungulia ngano.

Kabla ya chakula cha mchana kinu kilikuwa kimesimama. Rola zote za kwanza zilikuwa zimevaa unga mbichi kama matope ya tairi, na chekeche zimeziba katika ghorofa mbili. Tulikwangua kwa siku mbili. Siku ya kwanza, nikiwa nimepiga magoti kando ya kisanduku, nilifungua kifuniko nikaona namba ya ngano ya nje. Nikaibadilisha. Hakuna aliyeniona.

Meneja Mkuu alitaka ripoti. Niliandika kurasa nne, nzuri, zenye michoro. Niliandika kwamba zamu haikuthibitisha unyevu wa malighafi kabla ya kusaga. Sikuandika namba ya kisanduku, wala kwamba kulikuwa na mtu aliyekuja juu kutuonya. Afisa wa rasilimali watu akaandaa barua ya onyo kwa msagaji wa zamu, nami ndiye niliyemkabidhi.

Langat aliisoma yote, polepole, akiwa amesimama. Akaomba kalamu, akasaini. Kisha akaniuliza, "Ile namba umeshaibadilisha?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Basi ni sawa." Akaiweka kalamu juu ya meza yangu, ikiwa imefungwa kifuniko. Mwisho wa mwezi alirudi Keringet. Hakukuwa na sherehe wala ugomvi. Koti lake lilibaki kwenye msumari mpaka mtu mwingine akalichukua.

Baada ya hapo nilipanda tena. Nikawa Meneja wa Kiwanda. Nilifundisha watu wengi, nikazungumza kwenye makongamano, nikaketi meza za mbele. Nikiingia kantini mazungumzo yalishuka sauti, na mtu fulani alinisogezea kiti kwa heshima, kisha wote wakamaliza kula haraka. Mke wangu alifariki nikiwa bado kazini; wanangu wako Nairobi na mbali zaidi. Kila siku saa kumi na mbili jioni, wakati wa kupokezana zamu, nilijikuta nimesimama kwenye dirisha la ofisi nikiangalia chini. Msagaji anayetoka aligusa skrini, na anayeingia aliigusa dakika kumi baadaye. Mara nyingi hawakuonana kabisa.

Siku ya kustaafu waliniletea keki na kiti cha kuegemea. Afisa wa rasilimali watu alisoma mafanikio yangu kutoka kwenye karatasi. Aliisoma vizuri, nilikuwa nimeiandika mwenyewe wiki iliyotangulia kwa sababu hakuna mwingine aliyekumbuka mambo ya zamani. Baada ya makofi, Chebet, msagaji kijana ambaye ninamtarajia kukalia kiti changu siku moja, alinisogelea na sahani yake.

"Boss, mimi nimefundishwa na wewe. Na wewe ulifundishwa na nani?"

Nikamtajia chuo.

"Si chuo, boss. Mtu."

Nikacheka, nikamwambia keki itaisha. Lakini nilipofika nyumbani Rongai, nikakaa kwenye kile kiti kipya, swali lile lilikuwa limeshaketi likinisubiri. Lilikaa nami wiki nzima. Siku ya nane nikatia gunia la ngano ya Njoro kwenye pikapu, nikapitia Molo, nikapanda hadi Keringet.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, kofia ya sufu kichwani, akichagua viazi vya mbegu. Alinitazama nikishuka.

"Karibu, Bwana Meneja," akasema. "Umefika kwenye baridi."

"Nimestaafu, Langat."

"Kumbe. Pole. Ama hongera?"

Nikashusha gunia, nikalifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno marefu yenye utangulizi. Nikapiga magoti, nikakunja shati, nikazamisha mkono ndani ya ngano hadi kwenye kiwiko.

"Siku ile ngano ilikuwa na maji," nikasema. "Na namba ilikuwa yangu. Na wewe ulikuja kuniambia."

"Najua."

"Sikuandika."

"Hata hiyo najua. Mimi nilisoma barua."

Nikaacha mkono pale. Ngano ilikuwa baridi. Langat aliendelea kuchagua viazi viwili, vitatu, vinne. Mkono wangu ulianza kufa ganzi. Vijana, nimefanya mitihani kwa lugha ya kigeni na kufanyiwa usaili na watu tisa, lakini sijawahi kusubiri jibu namna ile.

Mwishowe akainuka, akaja. Hakuzamisha mkono. Aliokota punje moja tu juu ya gunia, akaiuma kwa meno ya mbele kama wasagaji wa zamani, akasikiliza ilivyokatika.

"Kumi na mbili," akasema.

"Kumi na mbili nukta tatu," nikasema. Niliipima asubuhi; sikuweza kujizuia.

Akanitazama, na kitu kikapita kwenye uso wake, karibu kicheko. "Wewe na kisanduku chako," akasema. Kisha akarudi kwenye viazi.

Kwa hiyo, kijana, soma. Chukua kozi, pata diploma, na ukipata nyingine ichukue pia. Usimsikilize anayekwambia karatasi ni bure, mimi karatasi ilinitoa kwenye fagio. Lakini siku ukiandika ripoti, mwandike aliyekuonya. Na mtu akikuita ukiwa na suti, usimwambie baadaye.

Kutoka jikoni mke wa Langat aliuliza ni nani huyo aliyekuja na gari. Aliuliza kwa Kikipsigis, lugha niliyojifunza kidogo kidogo kwenye bini, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Langat hakuinua kichwa.

"Ni mtu wa zamu ile nyingine," akamjibu. "Mwongezee kikombe."

Nikautoa mkono wangu kwenye ngano, nikaupangusa vumbi kwenye suruali, nikasubiri chai.